Kusikia rangi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tuko wawili. Kila Jumamosi asubuhi tunakaa kwenye baraza moja huku Temeke, Dar es Salaam, tukiwafundisha wasioona wenzetu kutumia simu, na siku hizi darasa linalojaa kuliko yote ni la rangi. Mimi niliona mpaka nilipofika miaka 23. Mwenzangu alizaliwa haoni. Kwa hiyo majibu yaliyo hapa chini hayakupatikana kwa amani, na pale tuliposhindwa kukubaliana tumesema hivyo.

Kusikia rangi maana yake nini hasa?

Kamera ya simu inatazama kitu, programu inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hicho: wekundu kiasi gani, ukijani kiasi gani, ubuluu kiasi gani. Inabaki na namba tatu. Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukutajia jina: "nyekundu", "kijivu". Ya pili ni kukupigia sauti, kila rangi na mlio wake.

Jina ni rahisi kuelewa lakini ni zito. Ukipitisha simu juu ya shuka lenye maua, rangi zinabadilika haraka kuliko ulimi wa mashine. Bado inamalizia "zambarau iliyopauka" wakati mkono wako umeshafika kwenye njano. Mlio unageuka papo hapo mkono unapogeuka. Sisi tunafundisha vyote viwili: mlio wa kutafutia, jina la kuhakikishia.

Je, nitaona rangi?

Hapana. Anayekuambia utaona anataka kukuuzia kitu.

Utakachopata ni uwezo wa kujua kwamba hiki na kile ni tofauti, tofauti yao iko wapi, na watu wengine wanaiitaje. Ni kidogo kuliko kuona. Lakini ni kikubwa ukiwa umesimama mbele ya kabati saa kumi na mbili asubuhi na nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Mwanangu alizaliwa haoni. Rangi itamfaa nini?

Swali hili huulizwa na wazazi, na mara nyingi mtoto amekaa pembeni anasikia. Mwenzangu ndiye hulijibu.

Kuna kisa cha zamani. Mwaka 1690 mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika habari za kipofu mmoja aliyesumbuka sana kuelewa rangi, mpaka siku moja akatangaza kwamba amepata: nyekundu kali ni kama sauti ya tarumbeta. Locke alikileta kisa hicho kuonyesha kwamba yule mtu hakuwa amepata kitu. Mimi nilipokisikia nikaona Locke ana haki. Mwenzangu alicheka. Alisema: yule kipofu alijua kwamba nyekundu inaita, inasukuma, inawageuza watu shingo. Hata mwenye macho akiulizwa nyekundu ikoje atakwambia nini zaidi ya hapo?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha mwaka 2021 utafiti uliomuunga mkono mwenzangu. Waliwauliza wasioona tangu kuzaliwa na wanaoona maswali kuhusu rangi za vitu, hata vitu vya kubuni vya kisiwa kisichokuwepo. Wasioona hawakukumbuka kila rangi ya kila kitu, ila sababu zao za kwa nini kitu fulani kiwe na rangi moja au rangi nyingi zilifanana na za wanaoona. Rangi wanaijua kwa kufikiri, kama vile wewe unavyolijua jua lilivyo mbali bila kwenda na futi kamba.

Na Kiswahili kinamsaidia mtoto huyo kuliko lugha nyingi. Rangi zenye neno lake safi, linalofuata ngeli, ni tatu tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Zilizobaki nyingi zimeazimwa kwenye vitu. Chungwa mtoto analimenya. Zambarau anaila, inamkausha ulimi. Kahawia inanukia kahawa, kijivu ni jivu la jiko, manjano ni ile bizari ya kwenye mchuzi, waridi ni ua. Damu ya mzee haihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuchubuka goti na kulamba kidonda. Kabla ya kumshikisha simu, mpe kwanza majina haya pamoja na vitu vyenyewe mkononi. Mlio ukija utakuwa na mahali pa kukaa.

Halafu mtoto huyo atakwenda msibani, harusini, shuleni, uwanjani. Kote huko watu wanasemezana kwa rangi juu ya kichwa chake. Ana haki ya kujua wanasema nini.

Rangi ni mawimbi na sauti ni mawimbi. Kwa nini msigeuze moja kuwa nyingine moja kwa moja?

Tunaulizwa hili na vijana waliosoma fizikia, na ni swali zuri lenye jibu la kukatisha tamaa.

Mwanga unaoonekana una urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Nyekundu hutikisika takriban mara trilioni 430 kwa sekunde, urujuani karibu mara trilioni 750. Gawanya: haifiki hata mara mbili. Kwa lugha ya muziki, rangi zote za dunia hazijazi oktava moja, yaani ile hatua ambayo mitikisiko huongezeka mara mbili. Sikio, kwa upande wake, husikia kuanzia mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani karibu oktava kumi. Ukihamisha rangi kama zilivyo, unabana kila kitu kwenye pembe moja ya kinanda na kuacha chumba chote kitupu.

Isitoshe, rangi huzunguka. Nyekundu inaingia chungwa, njano, kijani, buluu, zambarau, kisha zambarau inarudi nyekundu bila mshono. Sauti haizunguki, inapanda tu. Ukiipa nyekundu sauti ya chini kabisa na zambarau ya juu kabisa, umewatenganisha ndugu wawili waliolala kitanda kimoja.

Newton mwenyewe alijaribu. Mwaka 1704 aligawa upinde wa mvua katika rangi saba, akazilinganisha na ngazi ya noti saba. Miaka kama ishirini baadaye, 1725, padri Mfaransa Louis Bertrand Castel akapendekeza kinanda cha kuonyesha rangi, kila kibonyezo na rangi yake. Wote walidhani wanagundua siri ya maumbile. Ukweli ni kwamba hakuna siri. Uhusiano wa rangi na mlio ni makubaliano tu, kama nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole: hakuna kitu katika nukta moja ya juu kushoto kinachoilazimisha kuwa A. Tumekubaliana, tumeizoea, inasomeka.

Nani wameshafanya kazi hii?

Wengi. Watatu tunawataja kila mara.

Peter Meijer, mhandisi Mholanzi, alieleza mfumo wake mwaka 1992. Unaitwa The vOICe, na upo kwenye simu za Android bila malipo. Unapitia picha kutoka kushoto kwenda kulia mara moja kila sekunde. Kilicho juu kinalia nyembamba, kilicho chini kinalia nzito, na kinachong'aa kinalia kwa nguvu. Huo mlio hauna rangi, ni wa mwanga na giza. Rangi unaiuliza kando na inatajwa kwa jina. Mara ya kwanza kuusikia utadhani redio imekosa stesheni.

Neil Harbisson, aliyezaliwa mwaka 1982 na kukulia Catalonia, Hispania, si kipofu: anaona kijivu tu, tangu kuzaliwa. Mwaka 2003 yeye na Adam Montandon walitengeneza kamera inayogeuza rangi kuwa noti, na baadaye antena yake ikapachikwa kwenye fuvu. Anasikia kupitia mfupa. Nyekundu kwake ni ya chini, urujuani ya juu. Watu wa Temeke wakisikia habari za fuvu huuliza kama ni lazima. Si lazima.

Wa tatu ni Amir Amedi na wenzake, waliokuwa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Mfumo wao, EyeMusic, unafuata njia inayokaribiana na ya Meijer lakini rangi unaipa ladha ya chombo: vyombo vya shaba kwa buluu, nyuzi kwa njano, sauti za kwaya kwa nyeupe, na nyeusi ni kimya. Tumewaibia wazo hilo mchana kweupe. Ila yule kipofu wa Locke angegombana nao kuhusu tarumbeta.

Nyinyi mnatumia sauti zipi?

Za hapa hapa. Milio ya kielektroniki inachosha, na baada ya dakika kumi mtu anazima. Tulirekodi vyombo wenyewe kwa simu, usiku, mitaa ikiwa imetulia (Temeke hiyo ni saa tisa hivi).

Nyekundu ni zumari. Kijani ni marimba. Njano ni fidla ya taarabu. Buluu ni filimbi. Nyeupe ni watu watatu wanaimba "aaa", na mmoja wao ana mafua, anasikika. Nyeusi ni ngoma.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Njano tuliipa kayamba, ikashindwa kwa sababu kayamba halina juu na chini, na sisi tunatumia juu na chini kuonyesha mng'ao: rangi iliyopauka inalia nyembamba, rangi ya giza inalia nzito. Buluu ilikuwa zeze, lakini zeze na fidla zote zinakwaruzwa kwa upinde, watu wakawa wanachanganya anga na manjano. Nyeusi tuliiacha kimya kama wale wa Jerusalem. Siku moja mwanafunzi alipima suruali yake mara saba, kila mara nyeusi, akafurahi. Kumbe simu ilikuwa imezimika kwa kuishiwa chaji. Ndiyo maana sasa nyeusi inapigwa ngoma.

Rangi za mchanganyiko ni vyombo viwili pamoja. Zambarau ni zumari na filimbi. Chungwa ni zumari na fidla. Waridi ni zumari na wale watu wa "aaa". Na hapa kuna jambo ambalo hata waliokuwa wanaona hulishangaa: kahawia haina sauti yake. Kahawia ni chungwa lililotiwa giza, basi inalia chungwa ileile, nzito. Niliona kwa miaka 23 na sikuwahi kulijua hilo mpaka nilipolisikia.

Nawezaje kuitofautisha kanga yangu moja na nyingine?

Swali la akina mama, na lina kazi.

Ilaze kitandani, karibu na dirisha, mchana. Simu iwe juu yake umbali wa kiganja, kamera ikitazama chini, na mkono wako mwingine ushike ukingo ili usipotee. Anza na pindo. Fuata ukingo wa upande mmoja polepole kama unayepiga pasi. Utasikia milio miwili mitatu ikirudiarudia, na ule mrudio ndio ua lenyewe. Kisha sogea ndani. Pale pindo linapoisha na mji unapoanza sauti hugeuka kwa ghafla, na mkono wako utakwambia pindo lina upana gani. Ukishazifanyia hivyo kanga zako zote, kila moja ina wimbo wake mfupi. Mama mmoja wa darasani hahitaji tena kusikiliza yote. Anagusa pembe moja, anasikia noti mbili, anasema "hii ya Mtaa wa Uhuru, ya Idi".

Tahadhari moja. Programu haipimi nukta moja, inachukua wastani wa eneo dogo. Kanga yenye vidoti vyekundu vidogo juu ya nyeupe itakuimbia waridi, na hakuna waridi hapo. Ukishuku, sogeza simu karibu zaidi.

Jina la kanga ni kazi ya programu ya kusoma maandishi, na tunakusihi uifanye. Mwanafunzi wetu mwingine alivaa kanga moja miezi mingi mbele ya mawifi zake bila kujua kwamba jina lake linawasema wao.

Mbona shati lilelile linaitwa nyeupe mchana na njano usiku?

Kwa sababu shati halina mwanga wake. Linarudisha mwanga linaopewa. Chini ya taa ya manjano, nyeupe inarudisha manjano. Jicho na ubongo wa mwenye kuona hulisahihisha hilo bila yeye kujua. Kamera hujaribu kulisahihisha na mara nyingi hukosea. Hukosea hasa ukiijaza kamera yote kwa kitambaa cha rangi moja, maana inadhani rangi hiyo ni ya taa na kuanza kuifuta. Weka karatasi nyeupe pembeni ya kitambaa, ionekane na kamera. Makosa yanapungua sana.

Usiku, au umeme ukikatika, washa tochi ya simu. Usisimame kati ya dirisha na nguo, kivuli chako kinaipaka giza. Satini na nailoni vinarudisha mwanga kama kioo, vipime kwa pembe. Na nguo iliyochujuka itaitwa iliyochujuka, usiilaumu simu.

Naweza kutambua noti za pesa kwa njia hii?

Unaweza, lakini usitegemee. Elfu kumi ni nyekundu kama jezi ya Simba, klabu ya Mtaa wa Msimbazi, na ndiyo maana mtaani inaitwa msimbazi. Elfu tano ni zambarau, elfu moja ina ubuluu. Noti iliyolowa jasho miaka miwili kwenye mfuko wa konda haina rangi tena. Tumia programu inayoitambua noti yenyewe, au vidole: noti kubwa kwa thamani ni kubwa pia kwa umbo. Usitoe simu na pesa kwa pamoja stendi. Hili halina uhusiano na rangi.

Na daladala? Zina mistari ya rangi kulingana na njia.

Msikilize konda. Ni kifaa bora cha sauti kilichowahi kutengenezwa.

Naweza kutembea huku nasikiliza rangi barabarani?

Tunakataza. Sikio la asiyeona ndilo linalojua bodaboda inatokea wapi, ukuta uko wapi, mtaro umeanza wapi. Ukilijaza zumari na marimba umejifunga kitambaa mara ya pili. Zipo spika za masikioni zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu na kuacha tundu la sikio wazi, ni nzuri, lakini hata hizo tumia ukiwa umesimama. Fimbo nyeupe kwanza. Rangi ni ya nyumbani, dukani, darasani, ofisini.

Hapa tulibishana. Mwenzangu anaona katazo letu ni kali mno kwa ufukweni Coco asubuhi, ambako hakuna gari. Nami nasema mtu akizoea ufukweni atafanya hivyo hivyo Buguruni.

Nina ualbino na uoni hafifu. Inanihusu?

Huenda kidogo tu. Wengi wenye ualbino rangi wanaziona vizuri. Taabu yao ni ukali wa picha na mwanga kuwaumiza macho. Kofia, miwani ya jua na kukuza maandishi vitakusaidia zaidi. Wanaochanganya nyekundu na kijani, ambao wengi ni wanaume kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu X, ndio hufaidika haraka kuliko wote. Fundi simu mmoja alikuja kututembelea kama mgeni, akaondoka na programu.

Dawa je? Vidonge vyekundu asubuhi, vyeupe usiku.

Hapana kabisa. Vidonge vingi vina rangi moja, na kiwanda kinaweza kubadilisha rangi. Weka alama za nukta nundu au funga mpira kwenye kopo, mbele ya mfamasia au nesi. Vivyo hivyo vipimo vyenye mistari: usomewe na mtu aliyefunzwa.

Nahitaji simu gani, na bando kiasi gani?

Android ya kawaida yenye kamera isiyo na mikwaruzo. TalkBack, ile sauti inayokusomea kilicho kwenye kioo, huwa imo tayari katika simu nyingi, iwashe kwenye mipangilio. Programu nyingi za rangi zinafanya kazi bila intaneti baada ya kuipakua, kwa hiyo bando ni la siku ya kwanza. Seeing AI ya Microsoft ina sehemu ya rangi, na ina nyingine inayolia kwa mwanga: mlio unapanda chumba kinapong'aa. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitumia zaidi, kujua kama nimeacha taa ikiwaka.

Malalamiko yetu ni majina. Programu nyingi zinataja rangi kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha duka la rangi za kuta, na sauti ya mashine inayatamka kwa Kiswahili. Mtu anabaki na neno asilolijua lililotamkwa visivyo. Ndiyo maana tulikaa tukarekodi majina yetu 14, na damu ya mzee imo.

Itanichukua muda gani?

Rangi sita za msingi, wengi wetu Jumamosi mbili. Mchanganyiko, mwezi na kitu. Waliowahi kupiga kinanda au kuimba kwaya wanakwenda mbio. Wazee wanakwenda polepole lakini hawasahau. Dakika kumi kila siku zinashinda saa tatu za mara moja. Chagua droo moja ya nguo ufanye nayo kazi wiki nzima, usiruke kwenda kwenye matunda. Embe bivu, kwa vyovyote, pua inalijua kabla ya kamera.

Ni kweli mnapendelea Simba?

Jezi ya Simba ni nyekundu na nyeupe, kwa hiyo kwetu inalia zumari na watu wanaoimba. Ya Yanga ni njano na kijani: fidla na marimba. Tuliona tumegawa kwa haki. Mzee mmoja wa Jangwani, makao ya Yanga, akasimama darasani akasema zumari ndilo linalotangulia kwenye shughuli, kila mtu anageuka, na kwamba hiyo si bahati mbaya. Tulimweleza kwamba milio inaweza kubadilishwa na mwenye simu. Kwenye simu yake nyekundu sasa ni mbuzi.